Magi ya Sidney Bunn

Siku waliyomzika mumewe, Winifred Gedge alipita katikati ya waombolezaji na sinia la mikate ya nyama ya nguruwe, akasikia nyumba yake ikiombwa.

Mwombaji alikuwa Cyril Larter, mtumishi wao wa kaunta, mtu wa kuja ambaye hata miaka miwili hajaitimiza pale kijijini Wickering. Alikuwa amembana Bwana Colvin, mjumbe wa kiwanda cha bia, kando ya dirisha, akimsemesha kwa ile sauti ya chini ya mtu anayetaka aonekane anauheshimu msiba.

"Marehemu alikuwa mtu mwema, Mungu amlaze pema. Ila mwaka huu wa mwisho, bwana, alikunywa zaidi ya alivyouza. Na mama naye kachoka. Kusema kweli, nyumba hii nilikuwa naiendesha mimi."

"Mkeo anajua kupika?"

"Doreen? Huyo akichemsha jiwe, utalila na mchuzi utaomba."

Bwana Colvin alicheka kwa puani, akanyoosha mkono bila kutazama, akachukua mkate kwenye sinia. "Asante, mama," alisema, wala hakujua anamshukuru nani.

Horace Gedge hakuonja bia mwaka mzima kabla ya kufa. Mapafu yalimkataza. Kila jioni alishuka ngazi akishikilia ukuta, akakaa nyuma ya kaunta na maziwa yake ya moto ili watu wamwone kuwa yupo. Winifred alilijua hilo, Larter alilijua, na kijiji kizima kililijua. Lakini kiwanda cha bia kilikuwa mjini, na mjini hujua kile kinachopelekwa tu.

Winifred aliweka sinia mezani, akamkaribisha kasisi chai, akamwuliza kama sukari yatosha. Moyoni alikuwa ameshaanza kumchimbia Larter kaburi lake, kando ya lile la asubuhi.

*

Baa ya Mganda, iliyoitwa hivyo kwa mganda wa ngano, ilikuwa mali ya kiwanda. Akina Gedge walikuwa wapangaji tu. Hilo watu walikuwa wamelisahau, kwa sababu upangaji wenyewe ulianza enzi za babu yake Winifred. Juu ya mlango, kama sheria itakavyo, liliandikwa jina la mwenye leseni, na siku zote lilikuwa la mwanamume: babu, kisha baba, kisha Horace aliyeoa humo na kukubali kuitwa kwa jina la ukweni ili ubao usipakwe rangi upya. Lakini waliozaliwa humo, wakafagia humo, wakajua pipa lipi limeshatulia na lipi bado linachafuka, walikuwa wanawake. Winifred alizaliwa chumba kilicho juu ya stoo ya mapipa. Harufu ya kimea aliijua kabla ya harufu ya ubani wa kanisani.

"Kampuni haikodishi nyumba kwa mjane aliye peke yake," Bwana Colvin alimwambia wiki iliyofuata, kofia yake ikiwa magotini. "Si mimi, mama. Ni kampuni."

"Nina binti."

"Binti hajaolewa."

Hilda, binti mwenyewe, alikuwa amesimama palepale mlangoni na aproni ya kiwanda cha kutia njegere makoponi alikofanya kazi. "Hata ng'ombe wa mnadani husifiwa kwanza kabla hajakataliwa," alisema, akaenda zake.

Wakahamia kibanda cha vyumba viwili kilichotazamana na baa, ng'ambo ya barabara. Siku ya tatu Larter alivuka, akabisha hodi. Alikuwa amekuja kutoa kazi. Kufagia, kudeki, kusugua jiko, asubuhi tu.

"Wewe unaijua nyumba, Bi Winnie. Sipendi kumleta mgeni."

Alipoondoka, Hilda alitupa kijiko kwenye beseni. "Mama, usithubutu! Ukadeki sakafu yako mwenyewe kwa ajili ya nyoka yule? Twende mjini. Nitapanga chumba, tutaishi kama watu."

"Nyoka humwui ukiwa umemkimbia."

"Kwa hiyo utamwua na dekio?"

"Nitamwua na chochote atakachonipa mkononi," Winifred alisema. Kesho yake akafunga kitambaa kichwani, akavuka barabara.

*

Aliambiwa apitie mlango wa nyuma. Doreen alimpa aproni yake kuukuu, iliyochanika mfukoni, akamwonyesha beseni lilipo, kana kwamba si yeye aliyelinunua. "Na juu usipande, mama. Siku hizi ni faragha yetu." Mafundi walikuja wakafuta jina la Gedge juu ya mlango, wakaandika LARTER kwa rangi ya dhahabu, na Larter akamwita kutoka ndani, mbele ya wanaume wa mchana, aje adeki matone ya rangi yaliyodondoka kizingitini. Ijumaa alimlipa palepale kaunta. Akazisukuma shilingi kwa kidole kimoja, moja baada ya nyingine, kama mtu anayecheza bao.

"Zinatosha, Bi Winnie?"

"Zinatosha, Cyril."

"Bwana Larter, mbele ya wateja."

Wanaume walitazama ndani ya magi zao. Mzee Ephraim Pask, mpiga kengele wa kanisa, alikohoa. Winifred alipiga magoti, akaendelea na sakafu. Alilimeza tusi lile, akaliweka pamoja na mengine.

Hizo magi za wanaume ndizo zilizokuwa fahari ya Mganda. Zilikuwa za bati zito, zimetundikwa kwa kulabu kwenye boriti iliyo juu ya kaunta. Kijana wa Wickering alipopokea mshahara wake wa kwanza alinunua magi, ikachongwa jina chini ya kitako, ikapewa kulabu yake. Alipokufa, ndugu zake walikuja baada ya mazishi wakaishusha, wakaenda nayo nyumbani. Hakuna aliyeishusha kabla mwenyewe hajazikwa.

Sidney Bunn hakuzikwa. Meli yake ilizamishwa wakati wa vita, katika bahari za kaskazini zenye barafu, na hakuna kilichorudi. Kwa hiyo magi yake ilibaki kwenye kulabu, karibu na saa ya ukutani, mwaka wa kumi na nne sasa. Hata mama yake, Agnes, hakuwa na haki ya kuishusha. Aliloruhusiwa ni kuing'arisha ikiwa palepale juu. Kila Jumamosi asubuhi, kabla baa haijafunguliwa, alipitia mlango wa nyuma na kitambaa chake cha siki, Winifred akamshikia kreti, naye akapanda. Ndiyo maana ilikuwa inang'aa kuliko zote.

Walikuwa marafiki tangu utoto, hao wawili. Vita vilipokwisha, Agnes alikuja kuosha glasi pale Mganda, si kwa shida ya pesa, bali ili awe karibu na boriti ile.

"Huyu bwana wako mpya ananitazama kama naja kuiba vijiko," Agnes alisema Jumamosi moja, akishuka kwenye kreti huku akishika bega la mwenzake.

"Si bwana wangu."

"Umemwambia habari ya Sidney?"

"Hajauliza."

Wala hakuna mwingine aliyemwambia. Si kwa hila. Wickering hakuna aliyewahi kuambiwa jambo lile, kila mtu alikua nalo tu kama alivyokua na ulimi. Larter alikaa chini ya boriti ile karibu miaka miwili akihesabu magi kama mapambo. Asiyejua maana haambiwi maana.

*

Sherehe ya mavuno ilifanyika Mganda kila mwaka, baada ya ibada, na hiyo ndiyo siku pekee wanawake walipoingia chumba cha mbele. Mwaka ule Bwana Colvin alitangaza kwamba atakuja mwenyewe. Larter hakulala vizuri wiki nzima. Alileta maua, alileta mganda wa ngano akaufunga utepe, na asubuhi ya siku yenyewe alisimama katikati ya chumba mikono kiunoni, akitazama juu.

"Glasi haifai," alisema. "Colvin ananywea glasi kila siku huko mjini. Nataka aonje kijiji." Akavuta kreti, akapanda, akaligusa bati kwa ukucha. "Hii inayong'aa ni ya nani?"

Winifred alikuwa amepiga magoti kando ya meko, dekio mkononi. Baadaye alimwambia Hilda kwamba hakupata nafasi ya kufikiri. Aliipata. Jibu lilimkaa ulimini, akalimung'unya kama peremende, akaonja utamu wake wote kabla ya kulitoa.

"Haina mwenyewe," alisema.

"Kweli?"

"Hakuna atakayekuja kuidai."

Larter akaitoa kwenye kulabu. Bati lilikwaruza chuma kwa mlio mdogo tu, lakini Winifred aliusikia hadi kwenye meno. Alijiambia kwamba Agnes hatakuja. Mguu ulikuwa ukimsumbua tangu Agosti. Akaendelea kudeki.

Jioni Agnes alikuja. Aliingia ameshika mkono wa Mzee Ephraim, amevaa kofia ya buluu, akiwa wa kwanza kucheka jinsi mguu wake ulivyomfanya atembee kama bata. Watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Winifred alikuwa mlango wa jikoni na sahani ya viazi. Alifikiri aende, amshike mkono, amwambie neno sikioni. Larter akagonga kaunta.

"Mabibi na mabwana! Bwana Colvin ana neno."

Bwana Colvin aliinua magi. "Sina maneno mengi. Nasema hivi: Mganda imepata mwenyeji kijana, na kampuni imefurahi. Kwa afya ya Cyril Larter!" Akanywa, akapangusa povu mdomoni. Aliposhusha magi hakuna mwingine aliyekuwa amekunywa.

"Samahani, bwana," ilisikika sauti ya Agnes. "Hiyo ni ya mwanangu."

Bwana Colvin alitabasamu. Alidhani ni utani wa kijijini, naye alitaka kuonyesha kuwa anauweza. "Basi aje ainywe mwenyewe, mama! Mwambie afanye haraka, imebaki nusu."

Mzee Ephraim ndiye aliyetangulia. Alimwaga bia yake kwenye beseni la kaunta, akatoa leso, akaikausha magi yake ndani na nje, akaitia mfuko wa koti. Akafuata jirani yake. Wakafuata wengine, bila kusukumana, kila mmoja akinyoosha mkono kwenye kulabu yake au akimwaga iliyokuwa mezani, hadi boriti ikabaki safu ya kulabu tupu.

"Jamani, kuna nini?" Larter aliuliza. "Ephraim! Mzee wangu! Nimefanya nini? Semeni!"

Walitoka mmoja mmoja, wake zao nyuma yao, na ukasikika mchakacho wa viatu barabarani bila mazungumzo.

Winifred aliona furaha ikimpanda kutoka miguuni kama joto la mvinyo. Akamwona Agnes, aliyechukua magi kutoka mkononi mwa Bwana Colvin, akipangusa ukingo pale midomo ya yule bwana ilipogusa. Alipangusa kwa mkono wa koti lake la sikukuu, akapangusa tena, akazidi kupangusa. Winifred aligeuza uso. Alimtazama Larter, kwa kuwa uso wa Larter ndio alioujia.

*

Tangu siku ile wanaume wa Wickering walipanda baiskeli, au walitembea, hadi baa ya Holme, maili tatu kwa upepo wa kiangazi kinachokwisha, kisha kwa mvua. Walipita mbele ya Mganda wakiwa na magi zikigongana mifukoni. Larter alilazimika kufungua kila siku, hivyo ndivyo mkataba ulivyosema. Alisimama nyuma ya kaunta akisugua glasi kavu. Bia ikachacha ndani ya mapipa, akaimwaga mferejini, na barabara ikanuka hadi kanisani. Aliposhusha bei, kijiji kikacheka. Aliponunua magi mpya kumi na mbili akazitundika, kijiji hakikucheka tena, kikaona haya kwa niaba yake.

Hatimaye alivuka barabara. Winifred alimwacha asimame kizingitini, mvua ikimnyeshea.

"Ungeniambia, Bi Winnie. Neno moja tu!"

"Uliniuliza nikakupa mawili."

"Sasa nimejua ni ya nani. Niende nikampigie magoti yule mama?"

"Magoti ni yako. Mimi ya kwangu nimeshayatumia, kwenye sakafu yako."

Alifunga mlango taratibu. Hilda alikuwa amekaa mezani, mkate umemkwama mdomoni. "Mama," alisema, "ni wewe?"

"Aliuliza, nikajibu."

"Na Bi Agnes?"

"Agnes nitamweleza."

Lakini hakumweleza. Kila Jumapili alimwona kanisani, wakasalimiana, na kila Jumapili alijiambia bado. Novemba lori lilikuja kuchukua vyombo vya akina Larter. Winifred aliangalia kutoka dirishani, chai mkononi, akinywa kwa raha. Hilda ndiye aliyekuwa nje. Larter alipakia vitu kimya, kichwa chini. Doreen hakunyamaza. Alisimama juu ya lori, nywele zimeloa, akakipigia kelele kijiji kizima.

"Mnamlaumu mume wangu! Yeye alimwuliza yule mama yenu! Alimwuliza uso kwa uso, ni ya nani hii? Akamwambia haina mwenyewe! Mwulizeni Winnie Gedge! Mwulizeni!"

Agnes Bunn alikuwa bombani, akichota maji.

"Kasikia?" Winifred aliuliza Hilda alipoingia.

"Kila neno."

"Kasema nini?"

"Alisubiri ndoo ijae, akaenda nayo."

Winifred alikaa. Kisha akasema, "Nitakwenda kwake nikishapata leseni. Nitampelekea chupa ya divai ile nyekundu aipendayo."

"Nenda leo, Mama."

"Leo niende na nini?"

*

Bwana Colvin alirudi kabla ya Krismasi. Winifred alimwelekeza mlango wa nyuma wa kibanda, akamwambia wa mbele umevimba kwa unyevu. Ilimbidi akanyage tope na ainame chini ya kamba ya nguo, soksi za Hilda zikimpapasa masikio. Hakualikwa kuketi.

"Kampuni imefikiri upya," alisema. "Wanakijiji wanakutaka wewe, mama."

"Mjane aliye peke yake?"

"Zama zinabadilika."

"Zimebadilika upesi. Februari hazikuwa hivyo." Alimwacha anywe aibu yake hadi tone la mwisho. "Sema tafadhali, Bwana Colvin."

Alisema.

Ilibaki idhini ya mahakimu wa leseni, jambo la dakika chache. Siku ya kikao Winifred alivaa kitambaa cha lesi cha mama yake. Hilda alikuwa na zamu kiwandani, lakini Mzee Ephraim na wenzake watano walipanda basi kwenda mjini kumshuhudia, magi zao mfukoni, tayari kuzirudisha kwenye kulabu jioni ileile. Polisi wa kijiji alikuwepo pia, amekaa kwenye benchi la ukutani. Agnes alikaa nyuma kabisa. Winifred alimwona, akainamisha kichwa kumsalimu. Alidhani amesamehewa.

Mwenyekiti wa mahakimu alisoma majina harakaharaka. "Leseni ya Mganda, Wickering, kwa Bibi Winifred Gedge. Kuna pingamizi?"

Alikuwa ameshafungua jalada linalofuata.

"Lipo," alisema Agnes.

Alikwenda mbele akichechemea. Hakutaja magi, wala Sidney. Hakuwa mtu wa kumweka mwanawe kwenye meza ya wageni. "Nimeosha glasi nyumba ile tangu vita viishe," alisema. "Sheria inasema Jumapili mchana milango ifungwe. Mganda hufungwa wa mbele. Wa nyuma ukigonga mara mbili unafunguliwa, na bia inauzwa mpaka jioni. Ilikuwa hivyo kwa baba yake, ikawa hivyo kwake."

Polisi wa kijiji aligeuka mwekundu kama nyanya, kwa maana kugonga mara mbili alikujua vizuri. Mzee Ephraim alinong'ona, "Agnes, mwanangu, kaa chini." Hakukaa.

"Una shahidi?" mwenyekiti aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Mwulizeni. Huyu akiulizwa hujibu."

Wakamwapisha. Winifred alikuwa na jibu. Lilikuwa tayari, jepesi, la kupinda: kwamba marafiki hutembeleana Jumapili, na mgeni hunyweshwa. Agnes angebaki peke yake, mwanamke mwenye kinyongo, na polisi angeapa chochote alichoambiwa. Ubao ungeandikwa. Alifungua mdomo, akayaona macho ya Agnes, makavu, yakimngoja aseme uongo wa pili ili yaupokee kama yalivyoupokea wa kwanza.

"Ni kweli?" mwenyekiti alirudia.

"Ni kweli," alisema Winifred Gedge.

Leseni ilikataliwa. Nje, kwenye ngazi za mahakama, Bwana Colvin alivaa glavu zake kidole kwa kidole. "Kampuni haitahangaika tena," alisema. "Baa itauzwa iwe nyumba tu ya kulala watu." Hakuaga.

*

Basi la Wickering lilikuwa moja mchana ule. Wanaume walikwenda kukaa nyuma, wakazungusha kofia zao mikononi. Agnes alikuwa ameketi mbele, na kiti pekee kilichobaki kilikuwa kando yake. Winifred alikaa. Walipita mashamba ya viazisukari, wakapita daraja, mabega yao yakigusana kila basi lilipokata kona.

"Nilikuwa nije kwako," Winifred alisema.

"Najua. Ukishapata ulichokitaka."

"Ungenipiga. Ungenitukana mbele ya watu. Nyumba ile ina makosa gani? Vizazi vitatu, Agnes!"

"Mimi vyangu viliishia kimoja."

Winifred alitazama nyuma, akamwona Mzee Ephraim amelaza kichwa kwenye kioo, mkono juu ya mfuko wa koti. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Kutoka kwake hadi Holme kulikuwa na kilima.

"Na hawa?" aliuliza. "Hawa wazee hawakukukosea kitu. Sasa watakwenda kunywa wapi?"

Agnes hakugeuka.

"Watembee," alisema. "Wangu alikwenda mbali zaidi."